MKALIMANI ANALIPWA NA NANI?



Kila mwaka, matokeo ya diploma ya Leta yakitoka, nyumba nyingi zinaingia matata. Baba anataka mtoto asome udaktari ao sheria. Mtoto anasema: Mimi nataka kusoma luga, Kingereza ao Kichina. Baba anakasirika: «Luga? Luga inasomwa bure njiani! Angalia madereva wa Kasumbalesa. Wanasema luga sita, na hakuna aliyekanyaga universite.»

Neno la baba lina ukweli ndani. Dereva wa kamio anajua kununua mafuta kwa Kibemba na kuomba njia kwa Kingereza. Lakini wakati afisa wa duane anapomtolea karatasi ya kutia mkono, yenye mistari midogo mbele na nyuma, dereva yule anatafuta mtu wa kumsomea. Kusema ni kitu kimoja. Kusoma karatasi ya mtu anayetaka mali yako ni kitu kingine kabisa.

Ninyi wa migodi mnajua habari hii kupita sisi wa biro ya gazeti. Mfanyakazi ameumia kidole, ameitwa mbele ya mkubwa. Mkubwa anasema kwa luga yake dakika nzima, anapiga meza, anaonyesha mlango. Halafu mkalimani anageuka na kutoa maneno matatu: «Anasema, tutaona.» Maneno mengine yote yamekwenda wapi? Hatusemi kwamba mkalimani ni mwongo. Wengi wao ni vijana wema, watoto wetu wenyewe. Lakini tunauliza: mwisho wa mwezi, mshahara wake unatoka mfukoni mwa nani? Mtu anayelipwa na upande mmoja hawezi kuwa sikio la upande wa pili.

Jambo hili si jipya katika inchi yetu. Wazee wanakumbuka: kampani ilisema na wafanyakazi kwa Kiswahili, na Kifaransa kiliwekwa kwa makarani wachache. Zamani zaidi, njia ya treni kutoka kusini ilipofika Elisabethville mwaka 1910, Kingereza kilisikika sana mjini, hata wakubwa wa Kibeleji wakaogopa kwamba Katanga itageuka ya Waingereza. Walijua vizuri: luga inayotumiwa kazini inaonyesha bwana wa kazi ni nani. Nao wenyewe waligombana juu ya luga kupita watu wote. Mwaka 1968 universite yao kubwa ya Louvain ilipasuka sehemu mbili sababu ya Kiflama na Kifaransa, wakagawanya hata vitabu vya maktaba. Watu wa namna hiyo ndio walitwambia sisi kwamba luga ni neno dogo!

Sasa tukumbuke mwaka 1960. Katika mwezi wa Aprili na wa Mei kulikuwa mkutano wa pili kule Bruxelles, ule wa mali. Huko ilizungumzwa habari ya madeni, ya kampani, ya hisa za Leta katika Union Minière. Wakubwa wetu walibaki Kongo kwa sababu ya uchaguzi, wakatuma vijana na wanafunzi wengi. Vijana wale hawakukosa akili. Lakini walikaa mbele ya watu waliokomaa katika hesabu, wakishika karatasi zilizoandikwa na upande mwingine. Siku ya uhuru, Wakongomani waliomaliza universite, tukiwaacha mapadri pembeni, hawakufika hata 30. Kisha tukaita walimu kutoka Haiti, kuvuka bahari nzima, sababu wao walijua Kifaransa. Watu wa Haiti walitusaidia, na tunawashukuru. Lakini muone nguvu ya luga: ilileta mwalimu kutoka mbali namna ile.

Leo bwana wa kazi amebadilika. Mwaka 2016 Wamarekani wa Freeport-McMoRan waliuza sehemu yao ya Tenke Fungurume kwa Wachina wa China Molybdenum. Mfanyakazi hakuhama, mlima haukuhama, lakini luga ya biro ya juu ilibadilika. Mbele ya hapo, mwaka 2008, Leta ilikuwa imetia mkono kwa kontra ya Sicomines: Wachina asilimia 68, sisi asilimia 32, na barabara kwa deni la shaba. Kontra ile ilitengenezwa upya mwaka 2024, na feza ya barabara na majengo ikapandishwa mpaka dola miliari 7. Ilikuwa miaka 16 kati ya kontra ya kwanza na matengenezo yale!

Na hapa kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui. Kampani ile iliyonunua Tenke inauza hisa zake sokoni Shanghai na Hong Kong. Kwa sababu hiyo sheria ya kule inailazimisha kutangaza kila mwaka tani za shaba na kobalti ilizotoa na faida iliyopata. Si siri. Karatasi zile ziko wazi kwa kila mtu, kwa Kichina na kwa Kingereza. Sasa mjumbe wa sendika anapoingia kuomba nyongeza ya mshahara, na mkubwa anamwambia «mwaka huu hakuna faida», je, mjumbe anaweza kufungua karatasi na kujibu: Bwana, ninyi wenyewe mmeandika namna ingine?

Mtu anayeweza kujibu hivyo hafundishwi njiani. Wala hafundishwi kwa miezi mitatu katika darasa la jioni, ambako wanamfundisha kusalimu na kuhesabu mpaka mia. Kwa kusoma gazeti la Kichina tu, lazima alama karibu 3,000 ziwe kichwani. Tena sauti: neno «ma» likisemwa kwa sauti ya juu iliyotulia ni mama, na likisemwa kwa sauti inayoshuka na kupanda ni farasi. Wazungu wanalia sana na jambo hili. Lakini mtoto aliyekua na Kiluba ao Kibemba hatashangaa, sababu katika luga za babu zetu pia sauti inageuza maana. Basi, luga ya nyumbani, ambayo wengine wanaona haya kuisema mbele ya watu, inaweza kumtangulizia mtoto katika masomo makubwa.

Universite inaongeza kitu kingine kupita maneno. Mwanafunzi anasoma historia ya watu wale, sheria zao, vitabu vyao, hasira yao na heshima yao. Anajua ni wakati gani «ndiyo» yao inamaanisha «hapana». Wageni wamefanya hivyo kwetu tangu zamani. Wamisionari waliandika kamusi za luga zetu kabla sisi hatujaandika barua moja.

Wengine watasema: vijana wa masomo ya luga wako nyumbani bila kazi. Ni kweli, tunawaona, na ni haya kubwa. Lakini kosa liko kwa Leta na kwa kampani, ambazo zinachukua mkalimani mgeni na kuacha mtoto wa inchi mwenye diploma.

Kwa hiyo chama kinataka mambo haya. Popote Kichina kinapofundishwa katika universite zetu, kifundishwe miaka yote ya masomo, pamoja na sheria na hesabu. Kireno kisisahauliwe, sababu njia ya treni ya Lobito iliunganisha Katanga na bahari mwaka 1931, na karatasi za Angola ni za Kireno. Mabinti wapewe nafasi sawa na wavulana. Na sendika za Kolwezi, Likasi na Fungurume zichange feza kidogo kidogo, kila moja ilipie mtoto mmoja wa mfanyakazi masomo ya luga, naye akimaliza akae upande wao wa meza, mshahara wake ukitoka kwao.