AJALI YA TRELA INA KINGA



Kila trela inapomwumiza mtu yadini, maneno yanayotoka ofisini ni yale yale: ajali haina kinga. Methali hiyo ni ya wazee na twaiheshimu, lakini wazee hawakuitunga wakifikiria trela iliyojaa mizigo na breki yake imefungwa kwa waya. Sisi tunaofanya kazi ya reli twasema wazi kwamba ajali ya trela ina kinga, na kinga yenyewe ni ya bei ndogo. Yule asiyetaka kuinunua ndiye tuna neno naye leo.

Kwanza tuelewe kitu chenyewe, maana mtu asiyejua breki ya trela inavyofanya kazi hawezi kuidai.

Trela ndogo zinazovutwa na trekta au pikapu, nyingi hazifungwi breki na mguu wa dereva. Breki yake hufanya kazi kwa msukumo. Gari la mbele likipunguza mwendo, trela husukuma mbele kwa uzito wake. Kono lake huingia ndani kidogo, huvuta fimbo na waya, na viatu vya breki hukamata dramu. Uzito wa trela ndio unaoisimamisha trela. Ni ufundi mzuri, ila breki hiyo haina macho. Dereva akirudi nyuma, gari husukuma kono lile lile, na breki haijui tofauti. Yafunga, na magurudumu yagoma.

Kwa sababu hiyo trela za zamani zina kizuizi kidogo cha chuma katika kono. Wakati wa kurudi nyuma mtu hushuka akakiweka, na kazi ikiisha hukiondoa. Hapa ndipo ubaya huanzia. Siku ya kazi nyingi, mnyapara amesimama na saa mkononi, nani atashuka mara ishirini? Basi kizuizi hufungwa kwa waya asubuhi, na trela yarudi nyuma bila matata mpaka jioni. Wakubwa wakiona kazi yaenda upesi, hunyamaza. Lakini trela hiyo sasa haina breki kabisa. Itakapoteremka na mzigo, itaisukuma trekta kutoka nyuma, itaipinda ubavu, na dereva atakuwa chini yake. Kisha huandikwa katika kitabu: uzembe wa dereva.

Trela nyingi za siku hizi hazihitaji kizuizi. Viatu vyake hulegea vyenyewe gurudumu linapozunguka kinyumenyume. Wengine hudhani basi hatari imekwisha. La, haijaisha. Trela ya namna hiyo ikiegeshwa ikitazama juu ya mlima, ikianza kurudi nyuma, viatu hulegea kwanza, na trela hujongea kidogo kabla ya breki ya mkono kukamata tena. Mwendo huo mdogo watosha kumbana mtu ukutani. Kwa hiyo breki ya mkono ivutwe mpaka mwisho, na kabari ziwekwe chini ya magurudumu.

Matrela makubwa ya malori hutumia upepo. Mpira mwekundu hujaza tangi la trela, mpira wa manjano huleta amri ya mguu wa dereva. Mpira mwekundu ukitolewa, trela hujifunga yenyewe kwa upepo ulio katika tangi. Mtu akiona hivyo huenda zake kula. Lakini upepo huvuja. Kama trela haina springi za kushika breki, wala breki yake ya mkono haikufungwa, baada ya muda yasimama kwa bahati tu. Na anayerudisha mpira mwekundu kabla ya kuvuta breki ya mkono ya lori, huenda akaona lori na trela vyaondoka pamoja, naye yuko katikati.

Sisi watu wa reli twaijua habari hii kwa uchungu. Tarehe 24 Juni 2002, hapa jirani Tanzania, karibu na Igandu katika mkoa wa Dodoma, gari la moshi la abiria lilirudi nyuma mlimani likagonga gari la mizigo, na watu 281 wakafa. Tarehe 6 Julai 2013, huko Lac-Mégantic, Kanada, gari lenye matangi 72 ya mafuta, lililokuwa na mfanyakazi mmoja tu, lilikuwa limeachwa juu ya mteremko. Injini ilizimwa, upepo wa breki ukavuja, na breki 7 za mkono zilizofungwa hazikutosha. Watu 47 walikufa. Wafanyakazi 3 walishtakiwa mahakamani, na Januari 2018 wazee wa baraza wakawaachilia. Wachunguzi walikuwa wamekwisha taja sababu 18, na mojawapo ni ulegevu wa kampuni yenyewe katika mambo ya usalama. Je, ndugu, si desturi ile ile tunayoiona hapa? Breki yaharibika juu, lawama yateremka chini.

Wakubwa watasema kabari zikinunuliwa zapotea. Twajibu: zifungwe kwa mnyororo katika trela. Watasema dereva ana leseni, ajitunze. Twajibu: leseni haioni nyuma ya trela, wala haikazi waya wa breki. Watasema hakuna wakati. Mtu akivunjika mguu kazi husimama siku nzima. Wakati huo hutoka wapi?

Basi twadai mambo manne:

1. Kila trela iwe na kabari mbili, na isiegeshwe bila hizo.

2. Fundi azikague breki kila juma na kuandika jina lake. Trela yenye kizuizi kilichofungwa kwa waya isitoke yadini.

3. Wakati wa kurudi nyuma awepo mtu mmoja aliyefundishwa kuongoza. Asimame mahali dereva amwonapo katika kioo, asisimame kamwe kati ya trela na ukuta. Dereva asipomwona, asimame pale pale.

4. Anayekataa kuvuta trela mbovu asiadhibiwe. Hatuombi hisani. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mfanyakazi aripoti hatari kwa msimamizi wake, na yamkataza mwenye kazi kumrudisha mahali pale hatari ikingali ipo.

Nasi tuna wajibu wetu. Tanboi mgeni afundishwe na wakongwe kabla ya kutumwa nyuma ya gari. Ukiuona waya umefungwa, ukate, kisha umwambie mwakilishi wa chama siku ile ile, na namba ya trela iandikwe. Malalamiko ya mtu mmoja hutupwa kapuni. Namba 20 za trela zilizoandikwa vizuri haziwezi kutupwa.

Leteni namba hizo katika mkutano wa tawi. Mwenzetu hana mguu wa akiba.

Umoja ni nguvu.