Kiranja si beji, washikaji!

Leo tuongee habari za viranja, na najua wapo watakaoninunia. Katika shule niliyosoma mimi, kiranja alikuwa mtu wa mwalimu. Walimu wanamchagua, wanampa beji na kidaftari cha kuandika majina ya wapiga kelele, basi. Akimaliza shule anairudisha beji, uongozi wote unabaki kwenye droo ya mwalimu wa nidhamu. Hakuna siku hata moja aliyoulizwa yeye anaonaje.

Sasa sikilizeni. Kuna Mmarekani mweusi aliyeitwa Bob Moses, aliyekuja Tanzania 1969, akafundisha hesabu kule Same hadi 1976. (Huenda mshua wa mmoja wenu alipata sifuri kwake, muulizeni.) Kabla ya kuja Bongo, mwaka 1964, jamaa huyu aliongoza mpango wa kupeleka vijana jimbo la Mississippi, likizo ya kiangazi, kuandikisha weusi wapige kura. Mississippi ya wakati ule ilikuwa noma. Mtu mweusi akienda kujiandikisha anaweza kufukuzwa kazi, kuchomewa nyumba, hata kuuawa. Juni mwaka huohuo vijana watatu wa mpango huo, James Chaney, Andrew Goodman na Michael Schwerner, waliuawa. Maiti zao zilipatikana Agosti, zimefukiwa kwenye tuta la bwawa.

Ndani ya mpango huo kulikuwa na shule za likizo, zikiitwa Shule za Uhuru. Wazo lilitoka kwa Charles Cobb, kijana wa miaka 20 tu. Yeye aliona kwamba shule za weusi kule zilikuwa zinamfundisha mtoto kunyamaza. Walitegemewa wanafunzi kama 1,000. Wakaja zaidi ya 2,000, katika shule zaidi ya 40, nyingi zikiwa ndani ya makanisa, nyingine chini ya miti. Hapakuwa na mtihani wala cheti, na bado watoto walikuja wenyewe wakati wa likizo. Ninyi mnaoburutwa kwenda tuisheni mnanielewa.

Siri ilikuwa kwenye maswali. Walimu, wengi wao wanafunzi wa vyuo kutoka kaskazini, waliambiwa waache kuhubiri, waulize. Kwa nini shule ya weupe inazo hizi na yenu haina? Ninyi mnataka nini hasa? Mtoto aliyezoea kuitika "ndiyo mwalimu" sasa anatakiwa atoe hoja na wenzake wanampinga. Wakaanzisha na magazeti yao, wakaandika habari, wakadurufu wenyewe. Hapo lazima mtu aamue ipi iingie na ipi itupwe, na akilaumiwa ajibu mwenyewe.

Mji wa McComb, nyumba ya wana harakati ililipuliwa kwa bomu Julai 1964. Wazee wakaogopa kutoa mahali pa kusomea. Binti mmoja wa shule akaandika shairi la kuwasuta kistaarabu, darasa likiwa linafanyika nje, kwenye majani. Muda si mrefu wakafunguliwa kanisa. Kiranja yupi wa kwetu amewahi kuwageuza wazee hivyo?

Agosti, wajumbe wa shule zote walikutana Meridian, nyumbani kwao marehemu Chaney. Wakabishana na kupiga kura juu ya kazi, nyumba, afya na elimu. Walidai maabara, vitabu, na mwaka wa masomo wa miezi tisa mfululizo, maana shule za weusi zilikuwa zinakatizwa ili watoto wakachume pamba.

Septemba shule zikafunguliwa. Katika mji mdogo wa Philadelphia, hukohuko Mississippi, wilaya ileile walikouawa wale watatu, wanafunzi weusi waliingia shuleni na beji zilizoandikwa mtu mmoja, kura moja. Mwalimu mkuu akapiga marufuku. Waliogoma kuzivua wakarudishwa nyumbani. Wazazi wakaenda mahakamani, na mwaka 1966 mahakama ya rufaa ikasema beji hizo hazikuvuruga masomo, shule haikuwa na haki ya kuzikataza.

Hizo hazikugawiwa na mwalimu wa nidhamu.

Haya, viranja mliokasirika, maoni yenu nayasubiri. Wiki ijayo tena.