MIGUU MAJINI, FAIDA NCHI KAVU

Ndugu Wafanyakazi,

Naomba nafasi katika gazeti letu hili niseme neno ambalo halitawapendeza wote. Mimi ni mtu wa genge la njia hapa Kisumu, mzaliwa wa Gesima katika Nyamira, na masomo yangu ni yale ya shule ya msingi ya misheni. Sina maneno ya mawakili. Lakini nina macho, na nimeona kando ya Ziwa jambo ambalo Chama chetu hakiwezi kuendelea kulipita kama treni ipitavyo stesheni ndogo bila kusimama.

Jambo lenyewe ni hili. Watu wale wavuao samaki kwa miguu yao katika maji mafupi ya Ghuba ya Winam ni wafanyakazi kama sisi. Wana kazi, wana bwana, wana ugonjwa wa kazi. Hawana malipo ya hakika, hawana fidia, hawana chama cha kuwasemea. Na bwana wao, mara nyingine, ni mwanachama mwenzetu.

Najua wengine watacheka: "Huyu mtu wa milimani, atatufundisha nini habari za Ziwa?" Ni kweli, kwetu Gesima tunajua majani ya chai na mahindi. Nilipokuwa mtoto samaki kwangu alikuwa omena wa soko la Keroka, anayepimwa kwa gorogoro. Tulikula, tukashiba, na hakuna aliyeuliza samaki wa Ziwa huvuliwa na nani, wala amesimama wapi anapowavua. Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Mimi nimeyafika, ndiyo maana naandika.

Asiyeijua kazi hii nitamweleza. Kuna wavu mrefu wa kukokota, ambao watu wa pwani huuita juya. Ncha moja ya kamba hushikwa ufukweni. Mtumbwi huuzungusha wavu kwa mbali kidogo, kisha huleta ncha ya pili. Ndipo wakokotaji huingia majini kwa mistari miwili, wengine mpaka magotini, wengine mpaka kifuani, wakavuta. Wengine hutembea juu ya ukingo wa chini wa wavu na kuukanyaga kwa nyayo usiinuke, ngege wasitoroke. Gugumaji likiletwa na upepo, hulivuta pamoja na samaki, na uzito wake ni kama wa mataruma yaliyolowa. Kuna viboko. Kuna vipande vya chupa na miiba chini ya matope. Kazi huanza saa kumi alfajiri, na mara nyingi jua huwa kali kabla haijaisha.

Sasa tuangalie fedha. Sitasema ya mtu mwingine; nitasema yangu. Miaka michache iliyopita mimi na wenzangu wawili wa genge tulikopa fedha katika chama cha akiba na mkopo tukanunua wavu wa namna hiyo. Ndiyo, ndugu zangu, mimi ninayeandika haya nilikuwa bwana wa wavu. Mapatano yetu yalikuwa nusu ya mauzo kwa wenye wavu, nusu kwa wakokotaji, nao walikuwa kumi na wawili. Nakumbuka siku moja mauzo yalikuwa shilingi 4,800. Sisi watatu tulichukua 2,400, kila mmoja 800, na hakuna kati yetu aliyelowa hata kidole. Wao kumi na wawili wakagawana 2,400, kila mmoja 200. Siku ambayo wavu ulitoka mtupu, sisi tulikuwa na mshahara wetu wa reli. Wao walikuwa na baridi. Methali yasema mchumia juani hulia kivulini. Hapa mmoja huchuma majini, na mwingine ndiye hulia kivulini.

Miongoni mwa wale kumi na wawili alikuwamo kijana wa kwetu Gesima, mtoto wa jirani. Alishuka kwa matatu kupitia Sondu kutafuta kazi, akaja kwangu kama kwa kaka yake, nami nikampa kamba ya wavu. Baada ya miezi alianza kuumwa tumbo, choo chake kikawa na damu, na nguvu zikamwisha. Zahanati wakasema ni kichocho. Mimi nilifanya nini? Nilimpa nauli ya kurudi nyumbani, nikajiona mtu mwema.

Lakini mwaka uliotangulia, chuma cha reli kilipouvunja mkono wangu kazini, sikukubali nauli. Nilikuja katika ofisi ya Chama nikapiga meza. Nikasema nimeumia kazini, nataka haki yangu. Chama kilinisimamia hata nikalipwa fidia. Usiku ule kijana alipoondoka nilijiuliza: mkono wangu una thamani gani, ambayo ini la mtoto wa jirani halina? Mpaka leo sijapata jibu. Fungu langu katika wavu ule nimeliacha. Wenzangu wawili wangali nao. Watasoma haya, na wasome.

Kichocho si bahati mbaya wala si uchawi. Mtu mgonjwa akijisaidia kando ya maji, mayai ya mdudu huingia majini, yakaanguliwa, na mdudu akaingia katika konokono wadogo waishio kwenye majani ya ukingoni na katika gugumaji. Kutoka kwa konokono hutoka wadudu wasioonekana kwa macho, na hutoka kwa wingi jua linapopanda, saa zile zile mkokotaji amesimama majini. Hupenya ngozi kwa dakika chache tu. Wakishakua hukaa katika mishipa ya damu ya matumbo, na mayai yao huliharibu ini pole pole. Dawa ipo, vidonge vya praziquantel vinavyomezwa kwa kipimo cha uzito wa mtu. Lakini anayemeza leo na kurudi majini kesho huambukizwa tena. Watoto wa shule mara nyingi hufikiwa na kampeni za dawa. Baba yao aliye majini husahauliwa, kwa kuwa hana mwalimu wa kumpanga mstari.

Wengine watanijibu kwamba wavu huo umepigwa marufuku, na watu hao ni wavunja sheria. Jibu hili nalingoja kwa hamu. Ni kweli, tangazo la Serikali la mwaka 2001 liliukataza, na sababu ni njema. Maji mafupi ndiyo kitanda cha ngege cha kuzalia. Wavu wa kukokota huparuza kitanda hicho, ukachukua mzazi na mtoto pamoja. Mimi siutetei wavu. Namtetea aliyeushika kamba. Hebu tazameni mtego aliomo. Askari wakija, wanaokutwa majini ni wakokotaji. Mwenye wavu yuko wapi? Yuko kazini, yuko dukani, yuko kanisani. Wao hukamatwa, yeye hupoteza wavu tu, na hununua mwingine. Na mkokotaji akipunjwa fungu lake, au akiugua, aende kwa nani? Akienda kushtaki, itambidi kwanza aungame kwamba alikuwa akivuta wavu uliokatazwa. Kwa hiyo hunyamaza. Marufuku iliyowekwa kumlinda samaki imekuwa ngome ya kumlinda bwana wa wavu asishtakiwe na watu wake mwenyewe!

Sheria ya fidia kwa walioumia kazini ipo tangu mwaka 2007, nayo ni sheria nzuri. Lakini inamtazama mtu aliyeajiriwa. Mwenye wavu atasema: "Huyu sikumwajiri, huyu ni mshirika wangu, tunagawana samaki." Ushirika gani huu, ambamo mshirika mmoja hupata kichocho na mwingine hupata faida?

Na isifikiriwe kwamba jambo hili ni geni. Reli ilifika Ziwani mwaka 1901. Mwaka 1905 nyavu za kigeni za kutega zililetwa katika Ghuba na mtu wa Norwe. Kabla ya hapo watu wa Ziwa walivua ukingoni kwa vikapu, kwa nyua za kunasia samaki na kwa mikokoto ya mafunjo. Miaka haikupita mingi ngege wakapungua, hata ikabidi Michael Graham aletwe kuchunguza Ziwa mwaka 1927 na 1928. Alishauri matundu ya nyavu yasipungue inchi tano. Tangu siku zile, kila samaki wanapopungua, wakubwa hupima tundu la wavu. Tundu limepimwa sana! Fungu la mkokotaji halijapimwa hata mara moja. Na mtu anayelipwa kwa samaki tu, tena kwa fungu dogo, atavutaje wavu wenye matundu makubwa ilhali mtoto wake ana njaa? Anayetaka kuwaponya ngege, na aanze na tumbo la anayewavua.

Jibu la pili ni kwamba hawa si wanachama wetu, hawalipi ada. Ndugu zangu, tukumbuke tulikotoka. Januari 1947, katika mgomo mkuu wa Mombasa, watu wa reli walisimama pamoja na wapakuzi wa bandarini, watumishi wa hoteli na watumishi wa majumbani. Wa mshahara wa mwezi walikuwamo, na vibarua wa siku walikuwamo. Chege Kibachia na wenzake hawakumuuliza kibarua kama ana cheti cha kazi. Laiti wangeuliza, mgomo ungevunjika siku ya kwanza. Leo sisi tunaovuna matunda ya siku zile tumekuwa ndio wa kuuliza cheti.

Jibu la tatu ni kwamba hakuna aliyewalazimisha, wanaweza kuacha. Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi, lakini kutoka kwa wakubwa wa kazi, walipokuwa wakitujibu sisi. Tulipolia juu ya mshahara waliambiwa wazee wetu, na tukaambiwa sisi: "Asiyetaka aache, mlangoni wako wengi." Tuliyachukia maneno hayo. Je, yamekuwa matamu sasa kwa kuwa yanatoka vinywani mwetu? Mtume Yakobo katika waraka wake aliwaonya matajiri juu ya ujira wa wavunaji waliouzuilia. Tulipokuwa shule ya misheni tulidhani anasema na wenye mashamba makubwa. Labda anasema na sisi pia.

Basi si vizuri kulalamika bila kusema la kufanya. Naleta mambo manne mbele ya mkutano wa tawi:

Kwanza, mwanachama yeyote mwenye wavu wa kukokota, au mwenye fungu ndani yake, autoe ufukweni. Na kamati za mikopo zisitoe fedha kwa kununua nyavu zilizokatazwa. Hatuwezi kudai haki kwa mkono wa kulia na kuinyima kwa mkono wa kushoto.

Pili, Chama kiiandikie Serikali kwamba wavu ukikamatwa, atafutwe kwanza aliyeununua. Wakokotaji waitwe kama mashahidi wanaojua mwenye mali, wasifanywe washtakiwa peke yao.

Tatu, dawa ya kichocho ipelekwe ufukweni kwa watu wazima wafanyao kazi majini, na vyoo vijengwe katika kila ufuko wa kuvulia. Dawa bila choo ni kuchota maji kwa kikapu.

Nne, wakokotaji waandikwe kwa majina yao katika vikundi vya kusimamia fuo viitwavyo BMU, si wenye mitumbwi na wachuuzi tu. Wasaidiwe kupata ndoana na nyavu za halali, na kila mapatano ya mafungu yaandikwe kabla mtu hajalowa. Chama chetu kinajua kuandika mapatano. Kitume watu wawili wakawafundishe.

Mambo haya hayahitaji mamilioni. La kwanza halihitaji hata senti moja, ila moyo tu. Ndiyo maana nahofu kwamba ndilo litakalokuwa gumu kuliko yote.

Kijana wa kwetu yuko Gesima sasa, anachuma majani ya chai ya watu kwa kilo. Alipewa dawa, amepata nafuu. Nilipokwenda likizo nilimkuta njiani, akanisalimu kwa heshima kama siku zote, akaniuliza habari za Kisumu. Hakunidai kitu. Laiti angalinidai! Asiyejua kwamba ana haki hawezi kuidai, na kazi ya chama cha wafanyakazi ni kumjulisha.

Ndugu wanachama, mkutano wa tawi unakuja. Atakayesimama kunipinga, namkaribisha. Lakini kwanza na avue viatu, aende ufukweni alfajiri moja tu, ashike kamba mpaka jua lipande. Kisha aje aniambie kwamba ile si kazi, na wale si wafanyakazi.

Umoja ni nguvu, na umoja unaoishia kwenye ukingo wa maji bado si umoja.

Wenu katika kazi,
MTU WA GENGE,
Kisumu