Msako wa Mwaloni Hautibu Ugonjwa

Katika mialo ya Ziwa Victoria, malalamiko yanapozidi kwamba kambi ya wavuvi imejaa wanawake wanaojiuza, dawa inayokimbiliwa upesi ni msako. Mgambo huitwa, wanawake hufukuzwa, na taarifa hupelekwa wilayani kwamba kambi imesafishwa. Yawapasa watumishi wanaoipokea taarifa hiyo wajiulize: wanawake hao wamekwenda wapi?

Jibu halina siri. Wamekwenda mwalo wa pili, au machimbo ya dhahabu ya Geita, au kijiji cha barabarani ambako malori hulala. Walio na maradhi wamekwenda nayo, lakini dawa zao zimebaki katika zahanati iliyowaandikisha. Hapo ndipo ilipo hatari ambayo wengi hawaioni. Mwenye virusi vya UKIMWI anayemeza dawa zake kila siku, hadi virusi visionekane tena katika kipimo, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Akikatizwa dawa, virusi huongezeka upya, na huweza kuwa sugu. Kwa hiyo msako uliokusudiwa kuwalinda wananchi huweza kumtoa katika kijiji kimoja mwanamke asiyeambukiza, na baada ya muda akawa anaambukiza katika kijiji cha pili.

Nchi hii ilikwisha kupata funzo kuhusu maradhi na safari. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Wenyeji wakauita ugonjwa huo Juliana, kwa jina la kitambaa kilicholetwa na wafanyabiashara kutoka Uganda. Hata jina lenyewe lilikuwa limevuka mpaka. Kufikia mwaka 1986, mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa imekwisha kutoa taarifa za wagonjwa. Na anayedhani kwamba haya ni mambo ya mjini autazame utafiti wa taifa wa 2022–2023: maambukizi kwa wenye umri wa miaka 15 na zaidi yalikuwa asilimia 4.4, lakini katika mkoa wa Njombe, ambao ni mkoa wa wakulima, yalikuwa asilimia 12.7.

Tena si wanawake peke yao wanaohama. Tangu enzi za manamba, walioletwa kutoka mikoa ya mbali kukata mkonge na kulazwa kambini bila familia, sehemu kubwa ya kazi za nchi hii imefanywa na wanaume walio mbali na wake zao. Leo ni mvuvi, mchimbaji na dereva. Ni pia, ingawa hilo husemwa kwa nadra maofisini, mtumishi aliyehamishwa akaiacha familia mkoa mwingine, na ambaye mshahara wake huingia kila mwezi. Huyo hafukuzwi katika msako wowote. Mwanamke ndiye anayeitwa chanzo, ilhali anayeongeza fedha ili kondomu isitumike ni mnunuzi.

Sheria haiukubali ukahaba, wala hakuna sababu ya kuupamba. Lakini Chama kilichorithi imani ya TANU juu ya heshima ya kila mtu hakiwezi kuridhika na viongozi wanaohamisha matatizo yao kwa jirani. Anayeondoka apewe dawa za kumtosha miezi kadhaa na barua ya uhamisho, bila kuhojiwa mbele ya foleni. Kaswende, inayoachwa itambae hadi kwa mtoto aliye tumboni, ipimwe na kutibiwa kwa sindano ya penisilini hapo hapo zahanati. Mwalimu naye, ambaye huwa wa kwanza kuona dawati la binti limebaki tupu, aulize mapema binti huyo ameitwa kuhudumu baa gani.

Kuhusu siku za kliniki, wavuvi wenyewe wana kalenda yao. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mchana wavuvi hulala. Mbalamwezi ikikolea, taa hazivuti kitu na mitumbwi hupumzika. Mganga atakayevuka ziwa katika siku za mbalamwezi atawakuta watu macho, wakiwa na nafasi ya kumsikiliza.