Bei ya Damu na Sanduku la Sadaka

Makuhani wakuu waliomnunua Yuda hawakuwa watu wema. Hata hivyo, tunasoma katika Mathayo 27 kwamba vile vipande 30 vya fedha viliporudishwa hekaluni, walikataa kuvitia katika hazina, kwa kuwa vilikuwa bei ya damu. Angalau walijua kuuliza fedha imetoka wapi. Sisi Wakristo wa mashariki ya Kongo hatuulizi. Mwenye shimo la dhahabu akija Jumapili na bahasha nene, tunampisha kiti cha mbele na kuliombea shimo lake lizae.

Na mchimbaji aliyeshuka shimoni? Huyo tunamhubiri. Tunamwita mlevi, mzinzi, mpenda fedha. Ayubu 28 inamwonyesha mtu wa namna hiyo akining'inia mbali na wenzake, na wala haimtukani.

Tarehe 11 Septemba 2020 mvua kubwa ilinyesha Kamituga, mto ukafurika, maji yakaingia shimoni. Takriban watu 50 walikufa, wengi wao vijana. Makanisani tukasema ni mapenzi ya Mungu. Mapenzi ya Mungu! Mashimo mengi ya huku huchimbwa kwa nyundo na mtaimbo, hakuna mhandisi aliyeyapima, wala njia ya pili ya kutokea. Tukimsingizia Mungu, mwenye shimo anashusha pumzi. Kamituga hiyo hiyo, akina mama hukaa kutwa wakitwanga mawe kwa mikono, wengine na watoto mgongoni, wote wakivuta vumbi lile.

Zebaki inatutisha kuliko mafuriko, kwa sababu haina kelele. Mchimbaji huichanganya na unga wa mawe ili ishike dhahabu, kisha huchoma donge lile motoni, pengine kwenye jiko lile lile la kupikia ugali. Mvuke unaingia mapafuni mwa kila aliye karibu. Ile inayomwagika mtoni hugeuka sumu kali zaidi, huingia kwa samaki, na kwa samaki humfikia mama mjamzito na ubongo wa mtoto aliye tumboni. Wajapani wa Minamata waliyaona hayo miaka ya 1950, walipozaa watoto walemavu, na mwaka 2013 mataifa yalitia sahihi mkataba wenye jina la mji huo. Bado uchimbaji mdogo wa dhahabu hutoa zaidi ya theluthi ya zebaki yote inayorushwa hewani na kazi za wanadamu. Na katika mito hiyo tunabatiza.

Tukifika Ituri, aibu yetu inazidi. Hifadhi ya Okapi imo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1996, na Wambuti walikuwamo msituni humo kabla ya orodha yoyote. Tuliwapelekea Injili tukiwaambia msitu wao umejaa giza. Leo wanaouangusha wana majina ya ubatizo. Udongo unageuzwa, mto unakuwa rangi ya chai ya maziwa, wanyama wanaliwa kambini, na mashimo yaliyoachwa yanazaa mbu. Mwanzo 2 inaitaja dhahabu ya Havila na kuisifu. Aya chache mbele, mtu anawekwa bustanini ailime na kuitunza. Tumeshika aya ya kwanza tu.

Wapo watakaotuuliza: mkifunga mashimo, vijana watakula nini? Swali ni la haki, na hatusemi yafungwe kesho. Lakini tusidanganyane kwamba dhahabu hii inawalisha wao. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika mara nyingi jinsi inavyotoroshwa kupitia nchi jirani hadi Dubai, huku mchimbaji akibaki na deni la chakula alichokula kabla ya kushuka. Kuna vyombo vidogo vya chuma vinavyofunika donge na kuzuia mvuke wa zebaki. Makanisa yanayoweza kununua vipaza sauti vinavyosikika kilima cha pili yanaweza kununua na hivyo. Zahanati zetu zinaweza kuwafundisha akina mama wasichome zebaki jikoni.

Na bahasha ile ya Jumapili ikiletwa tena, mzee wa kanisa aipokee wazi mbele ya washarika, aulize ni shimo gani, nani wanashuka humo, na mara ya mwisho walilipwa lini. Akikosa jibu, amrudishie mkononi, hata kama paa la kanisa bado linavuja.