Nani Aliwaalika?

Asubuhi ya Nyeri mwezi wa Julai haina huruma. Ni gathano, ukungu umekalia mji, mlima hauonekani. Nawasha laptopu, naenda kuchemsha chai. Narudi na kikombe, bado kile kiduara kinazunguka. Ni laptopu ya mtumba, zile tunaziita ex-UK, kumbukumbu gigabaiti 4 na diski ya zamani ya kuzunguka. Kabla sijafungua hata ukurasa mmoja, wageni wameshajaa sebuleni: programu ya mikutano ambayo sijawahi kukutana na mtu ndani yake, ya muziki, ya kupandisha faili mawinguni kwa bando langu mimi, na nyingine inayotafuta printa nisiyonayo.

Nani aliwaalika?

Ati ninunue mpya. Hilo ndilo jibu la kila mtu mwenye mshahara. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo iliponishinda, na tangu hapo nakula kwa kuandika. Nikichelewa kutuma kazi, mteja anatafuta mwingine, na wengine tuko wengi kweli.

Jibu la pili ni la fundi: "Hii ina virusi, wacha nifomati." Niliwahi kukubali. Nilimpa fundi mmoja wa mjini laptopu yangu na shilingi 1,500, nikarudishiwa jioni ikiwa nyepesi na tupu. Ndani yake kulikuwa na saa tatu za sauti ya guka akisimulia jinsi alivyohamishwa akiwa mtoto mwaka wa 1954, wakati wa Hali ya Hatari, wakatolewa mashambani na kurundikwa katika vijiji vilivyozungukwa na mitaro. Sikuwa na nakala. Hilo ni kosa langu, nakubali. Lakini guka hayuko tena wa kumrekodi upya, na laptopu ile haikuwa na virusi. Ilikuwa na wageni tu.

Na kuwatoa wageni hao ni kazi ya dakika mbili, bure. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Tafuta palipoandikwa "Startup". Hapo utaona orodha ya kila kinachojiwasha, na pembeni uzito wake. Bonyeza jina kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Disable". Programu haifutwi! Iko palepale, inangoja uiite. Tangu Windows 8 ya mwaka wa 2012 orodha iko hapo; wenye Windows 7 (tupo, msitucheke) huandika msconfig. Wacha kinga ya virusi iendelee, na usiguse kitu usichokijua kabla hujauliza.

Kwa hivyo hasira yangu hasa si kwa fundi. Fundi anatafuta unga. Hasira yangu ni kwa waliotengeneza mlango huu na kuuacha wazi upande wao. Ukiweka programu, yenyewe inajiandikisha kwenye orodha ya kuamka na mashine, na wewe huulizwi, au unaulizwa kwa kisanduku kidogo kilichotiwa tiki tayari. Windows 11 ilipotoka 2021 ilikuja na Teams ikiwa imepangwa kujiwasha. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa ya wazi, au msingi mwingine wa kisheria, kabla mtu hajachukua habari zako. Najua sheria hiyo haisemi lolote kuhusu programu kujiamsha. Lakini kama ridhaa ina maana kwenye data, mbona isiwe na maana kwenye mashine niliyoinunua kwa jasho?

Wanasema ni kwa urahisi wetu. Urahisi wa nani? Mwenye mashine mpya ya gigabaiti 16 hahisi kitu. Anayeumia ni yule wa Othaya anayefungua laptopu kuomba kazi huku bando la siku likiyeyuka.

Jumanne iliyopita, siku ya soko, nilikuwa Karatina kwa mama mmoja mwenye kiduka cha kupiga chapa. Wateja watatu walikuwa wamesimama wakingoja mashine iamke. Nikaomba ruhusa, nikafungua ile orodha: 14. Tukabakisha mbili. Alipoizima na kuiwasha tena, aliniangalia, akaangalia chini ya meza, akaniuliza kama nimembadilishia kompyuta.