Mstaafu si mlinzi wa banda la kuku

Maneno ya kuwaaga wastaafu hayabadiliki. Mstaafu anakabidhiwa godoro au mabati, mgeni rasmi anamwasa ajihadhari na matapeli, kisha anaambiwa aende nyumbani akapumzike. Kabla ya hapo amekwisha kupitia mafunzo ya wastaafu watarajiwa, amefundishwa ufugaji wa kuku na namna ya kutunza kiinua mgongo. Kinachoniudhi ni lile lisilosemwa kabisa. Mtu aliyeamka alfajiri kwenda kazini kwa zaidi ya miaka thelathini, keshokutwa ataamka aende wapi? Hakuna anayemwambia kwamba nchi aliyoitumikia anayo haki ya kuiona. Nasema wazi: kusafiri, na kukaa kwenye misitu, milima na fukwe zetu, si anasa kwa mstaafu. Ni sehemu ya mafao yake, na kumnyima ni kumdhulumu.

Kwa miaka kadhaa hapa Tanzania tumebishana kuhusu kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya mstaafu. Tuliukataa mkupuo wa asilimia 25 wa mwaka 2018, tukainung'unikia asilimia 33 iliyoanza Julai 2022, mpaka bajeti ya 2024 ikapandisha mkupuo wa baadhi ya wastaafu hadi asilimia 40. Ubishi ule ulikuwa wa haki, maana fedha ya mfanyakazi ni jasho lake. Lakini ndani ya kanuni ya 2022 kulikuwa na namba nyingine, 12.5, miaka ambayo mstaafu anakadiriwa kuishi baada ya kuacha kazi. Hiyo nayo tuliijadili kama hesabu ya shilingi tu. Hatukuuliza miaka hiyo kumi na miwili na nusu itajazwa nini, ingawa ni mirefu kuliko safari nzima ya mtoto kutoka darasa la kwanza hadi kidato cha nne.

Wapo watakaosema utulivu wa msituni ni maneno matamu yasiyo na ushahidi. Ushahidi upo, na ni wa zamani. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha katika jarida la Science matokeo ya wagonjwa 46 wa hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani, waliotolewa mfuko wa nyongo. Nusu yao walilazwa penye dirisha linalotazama miti, nusu penye dirisha linalotazama ukuta wa matofali. Waliotazama miti waliruhusiwa kurudi nyumbani mapema na walihitaji dawa kali za maumivu kwa uchache. Mwaka 2019 utafiti mwingine, wa watu karibu 20,000 nchini Uingereza, ulionyesha kwamba wanaotumia angalau dakika 120 kwa wiki kwenye mazingira ya asili huelekea kuwa na afya bora na kuridhika zaidi na maisha, wazee wakiwamo, hata wenye maradhi ya muda mrefu. Mtu makini atauliza: je, si wenye afya ndio wanaoweza kutoka nje? Swali ni zuri, na utafiti huo peke yake haulijibu. Ndiyo maana wagonjwa wa Ulrich wana uzito kwangu. Wao hawakutoka kwenda popote, na kitanda hawakujichagulia.

Pingamizi zito ni la fedha. Pensheni ya wengi hailipi hoteli ya Serengeti, hilo ni kweli na ni aibu. Ila anayedhani asili ni Serengeti peke yake ameinakili kutoka kwenye mabango ya watalii. Msitu wa Pugu-Kazimzumbwi uko Kisarawe, jirani kabisa na Dar es Salaam. Wa Magamba uko juu ya Lushoto. Treni ya SGR ilipoanza kwenda Morogoro mwezi Juni 2024, nauli ya daraja la kawaida ilikuwa shilingi 13,000, na safari hiyo humshusha mzee mahali anapoiona milima ya Uluguru kwa macho yake. Dakika 120 kwa wiki hazihitaji hata hiyo treni. Zinahitaji mti mkubwa, njia salama na mtu wa kuongozana naye. Tena wajukuu, wanaotajwa kila mara kama sababu ya mzee kutotoka, ndio wa kuongozana naye.

Lipo pia lile la kusema kutembea-tembea uzeeni ni mambo ya Wazungu. Hili ndilo linalonikera kuliko yote, kwa sababu linatusahaulisha sisi wenyewe. Muislamu anayeweka akiba kwa miaka mingi aende Hijja akiwa na mvi, nani amewahi kumwita mfujaji? Hijja ni ibada na nguzo ya dini, siifananishi na matembezi. Nasema tu kwamba jamii yetu inajua fika kuwa mzee anaweza kufunga safari ndefu akarudi amejaa. Na misitu ya kaya ya Wamijikenda, pwani ya Kenya, iliyoingizwa na UNESCO kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, imelindwa na nani kama si wazee wa kaya? Kule mzee ndiye mwenye msitu.

Wenzetu wamekwisha kulifanya jambo hili kuwa la serikali. Marekani, raia mwenye miaka 62 hulipa dola 80 mara moja akapata kadi ya kuingia hifadhi za taifa maisha yake yote. Seoul, wenye miaka 65 wanapanda treni za mjini bure tangu 1984, na wazee huzitumia kufika milimani. Sisi Sera ya Taifa ya Wazee tunayo tangu 2003, na kwenye hospitali tumewawekea dirisha la wazee. Hilo ni jema, lakini ndipo hasa tunapokutana nao: wakiwa wagonjwa. Hifadhi zetu zinaendeshwa zaidi na dola za wageni kuliko kiingilio cha mwananchi, kwa hiyo kumfungulia geti bure kila Mtanzania aliyetimiza miaka 60, hasa msimu wa masika ambapo wageni wamepungua, hakutamfilisi mtu. Wizara mbili zinatosha kulimaliza: ya maliasili kwa geti, ya uchukuzi kwa nauli ya treni. Waandaaji wa mafunzo ya wastaafu nao wapunguze saa moja ya kuku.